Inchi Moja na Nusu

Matroni wa hospitali hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa goti, maana mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia furushi. Akalibwaga juu ya meza ya kukatia. Chaki ziliruka, pini zikamwagika sakafuni kama mchele.

"Magauni ishirini na sita," alisema. "Yahesabu mwenyewe."

Mwenye meza aliitwa Bi Sindano, kwanza kwa sababu tangu usichana wake hakuonekana bila sindano moja imechomekwa kifuani, na pili kwa sababu ya ulimi wake. Miaka thelathini na mitatu alikuwa anashona katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na siku ambayo wateja walimrudishia nguo nyingi kuliko zote alirudishiwa mbili.

"Kuna nini, Matroni?"

"Kuna nini? Muuguzi wangu kainua mkono kutundika chupa ya maji. Kwapa likasema praaa! Mgonjwa kitandani ana mshono wa tumbo, ameambiwa asicheke. Kacheka! Sasa na yeye tumemrudisha kushonwa upya. Niambie, Bi Sindano, mimi na wewe tunashindana kushona?"

Kwenye benchi walikuwapo wateja wawili wa kike. Mmoja alitazama ukuta kwa bidii. Mwingine aliuma ncha ya mtandio wake.

Bi Sindano hakucheka. Alichukua gauni la juu, akalilaza, akapitisha tepu kifuani. Thelathini na sita kamili. Moyo ukampiga kofi. Huyo muuguzi alimpima yeye mwenyewe kwa mikono yake, mwili wake ulikuwa thelathini na sita, na yeye akaandika thelathini na saba na nusu. Ndivyo alivyoandika siku zote. Tepu ikiwa bado imemzunguka mtu, yeye huwa ameshaongeza inchi moja na nusu ya kupumulia, halafu ndipo anaandika. "Mwili ni wa mwenyewe," husema. "Mimi naandika gauni."

Mke wa mwanawe hakukubaliana na hilo. Mkwe alisoma ushonaji chuoni miezi tisa, na huko walimfundisha kuandika mwili mtupu, halafu nafasi ya kupumulia inaongezwa wakati wa kukata. Wawili hao walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo miaka miwili, kwa mzaha, huku Bi Sindano anakata na mkwe anashona, na katikati ya kubishana wanategana vitendawili.

"Kitendawili!" Bi Sindano alikuwa akisema, mkasi mkononi.

"Tega!" anajibu mkwe kutoka kwenye cherehani.

"Nakumbatia watu mchana kutwa na hakuna anayenipenda."

"Tepu, Mama. Hicho umenitega juzi."

Basi hivyo ndivyo walivyoishi. Lakini siku ile ya furushi hapakuwa na mzaha. Bi Sindano alivua kitambaa cha viraka kinachofunika kompyuta, akaiwasha, akafungua folda iliyoitwa Vipimo. Ndani yake kila mteja ana faili lake. Akafungua la yule muuguzi. Kifua 36.0. Kiuno 30.0. Nyonga 40.0.

Akainuka, akashusha kopo la vifungo kutoka rafuni, akalichakura mpaka chini kabisa, akatoa flashi. Kila tarehe kumi ya mwezi alikuwa na desturi yake: anafuta yaliyomo kwenye flashi, ananakili folda ya Vipimo upya, anairudisha chini ya vifungo. Akaichomeka. Akafungua faili lile lile. Kifua 37.5. Kiuno 31.5. Nyonga 41.5.

"Wewe!" alimwita mkwe, na sauti yake ikafika barabarani. "Umekata namba zangu!"

Mkwe alisimamisha cherehani. "Namba gani, Mama?"

"Hizi! Inchi moja na nusu, kila mahali! Nani mwingine nyumba hii anayetaka mwili mtupu? Umeona bibi mzee hakusikilizi, ukaamua kuingia kwa mlango wa nyuma?"

"Mama, hizo ni namba zangu, ndiyo. Lakini ni za kwenye folda yangu. Nilikwambia nafanya nakala yangu ya kujifunzia kukata, ukasema nifanye nikipenda. Ukiongeza mteja kwako, na mimi namwongeza kwangu. Folda yako sijaigusa."

"Iko wapi hiyo folda yako?"

Mkwe alikuja kwenye kompyuta, akatafuta. Akatafuta tena. Haikuwapo. Kulikuwa na folda moja tu ya Vipimo, na namba zake ndizo zilizokuwa ndani.

Wakati huo mwana mwenyewe, mume wa mkwe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbini anakula ndizi. Alikuwa akiuza simu katika duka la watu, lakini alijiita Injinia, na nyumba nzima ikazoea. "Labda uliifuta mwenyewe bila kujua," alimwambia mkewe, akamaliza ndizi yake.

Mkwe alimtazama mumewe. Halafu akamtazama mama mkwe. "Nilipokuwa nashona gauni la tatu nilikwambia, Mama, mbona hizi zinakaza mabegani? Ulinijibu nini?"

Bi Sindano alikumbuka vizuri alichojibu. Alimjibu, shona, usinifundishe. Lakini hasira ina masikio yake. "Kumbe ulijua!" alifoka. "Ulijua zinabana, ukazishona zote ishirini na sita uje uniaibishe! Toka kwenye cherehani yangu."

Mbele ya Matroni. Mbele ya wateja wawili. Mkwe alivua tepu shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani. Akatoka na nguo alizovaa, akaenda kwa dada yake mtaa wa tatu.

Matroni alikohoa. "Jumamosi ya wiki ijayo nazitaka," alisema kwa sauti ya chini kidogo, akaenda zake.

Siku tatu baadaye habari zilimfikia Bi Sindano kuwa fundi wa upande wa pili wa soko, yule mwenye mabango, amempa mkwe meza yake mwenyewe ya kukatia. Angeanza kazi mwanzo wa mwezi. Bi Sindano aliposikia hivyo alisema, "Aende," akajichoma kidole na sindano mara mbili ndani ya dakika moja.

Kazi haikuendelea. Kila gauni lilitaka kufumuliwa ubavuni na kutiwa kipande, na macho yake hayakuwa ya jana. Zaidi ya hilo, ile kompyuta ilimkosesha usingizi wa mchana. Alikuwa na wateja mia nne na kumi na wawili kwenye flashi, na wengine kumi na mmoja aliowapima baada ya tarehe kumi, ambao walikuwa kwenye kompyuta peke yake. Mkwe alibadilisha mafaili mangapi? Ya nani? Ukifungua faili likasema kifua arobaini, utajuaje kama hiyo arobaini ni mwili au ni gauni? Namba haina uso. Alikuwa na mteja mwenye harusi anayesubiri kukatiwa kitambaa cha gharama, na Bi Sindano alikuwa akishika mkasi, anauweka chini, anaushika, anauweka chini.

"Kitendawili," alisema siku moja kwa mazoea, akiwa peke yake.

Cherehani haikujibu kitu.

Aliyemtoa kwenye mkwamo huo ni shoga yake, mwanamke mrefu mkavu aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Mtaa mzima ulimwita Karani.

"Kulinganisha nakala?" alisema Karani, akavuta kiti kama mtu aliyeitwa harusini. "Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka yote. Mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole. Fuata ya kompyuta, mimi nitasoma ya flashi."

Wakachapisha kurasa za flashi, wakaanza. Karani alisoma kama yuko mbele ya hakimu. "Kifua. Thelathini. Na tisa. Nukta. Sifuri. Koma."

"Hakuna koma hapo."

"Nimetua kidogo nimeze mate. Kiuno. Thelathini. Na tatu."

"Shoga, mtu huyu atafariki kabla hujafika nyonga."

"Ukitaka haraka utakosea. Mahakamani mtu alikaa ndani mwezi mzima kwa sababu karani aliruka mstari."

Walipofika faili la kumi na tisa walikuwa wamegombana mara nne, na Bi Sindano alikuwa amemwambia Karani jambo moja kuhusu marehemu mumewe ambalo ilibidi aliombee msamaha. Karani akakunja miwani.

"Siku hizi," alisema, "zipo programu. Unaipa folda mbili, inazisoma yenyewe, inakwambia hapa zinafanana, hapa hazifanani. Waliileta ofisini mwaka wangu wa mwisho. Nilinuna wiki nzima."

"Ipi?"

"Hapo sasa. Ziko nyingi."

Injinia alikuwa sebuleni anasikia. Akaja mbio, na hilo lenyewe lilikuwa ajabu, maana tangu mkewe aondoke alikuwa anaingia na kutoka nyumbani kama paka aliyekojoa mahali. "Mama, usihangaike. Ninayo moja nzuri sana. Ya kijani. Watu wote wanaitumia. Ngoja nikuwekee, dakika mbili tu umemaliza."

Akaiweka. Akazielekeza folda mbili, ya flashi na ya kompyuta, akabofya. Kabla Bi Sindano hajakaa vizuri, skrini nzima iligeuka kijani. Mafaili kumi na moja tu yaliandikwa kuwa yako upande mmoja. Yaliyobaki, mia nne na kumi na mawili: sawa, sawa, sawa, mpaka chini.

"Umeona?" alisema Injinia. "Hakuna tofauti. Labda siku ile ulisoma vibaya, Mama. Macho."

Bi Sindano aliangalia ile kijani. Halafu akamwangalia mwanawe. Alikuwa amemzaa yeye, na alijua rangi ya masikio yake anapodanganya.

"Macho," alisema polepole. "Sawa. Ngoja nami niitege kitendawili programu yako."

Akakaa. Alitengeneza folda mbili ndogo, moja akaiita Kushoto na nyingine Kulia. Ndani ya kila moja akatia mafaili matatu yale yale ya wateja wa zamani. Kisha upande wa Kulia akafanya vituko vyake. Faili la kwanza, kwenye kifua, 38.0 akaifanya 33.0, tarakimu moja tu. Faili la pili akalifungua, hakugusa kitu, akalihifadhi tena, ili tarehe tu ibadilike. Faili la tatu akaliacha kama lilivyo ila akalibadilisha jina.

"Haya, kijani," alisema. "Nimekutega, tegua."

Kijani ilitazama, ikajibu: la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, halipo upande wa pili.

"Sawa?" Bi Sindano alipiga meza. "Nimemnyima mwanamke inchi tano za kifua, wewe unasema sawa?"

"Mama, hii inalinganisha jina na ukubwa," alisema Injinia. "Ukubwa wa faili. Kama majina ni yale yale na ukubwa ni ule ule, basi kikawaida..."

"Ukubwa ni nini?"

"Ni, ni kama uzito wake. Herufi ngapi zimo. 38.0 ni alama nne, 33.0 ni alama nne. Uzito mmoja."

"Wanawake wawili wanaweza kuwa na uzito mmoja," alisema Bi Sindano, "na gauni la huyu lisipite hata mabegani mwa yule. Hilo nalijua mimi niliyeishia darasa la saba. Ondoa huu uchafu."

"Lakini Mama, watu wote..."

"Ondoa!"

Injinia aliondoa. Karani aliandika kitu kwenye kijitabu chake. Mazoea ya kazi hayatoki.

Ya pili waliipata wenyewe, kwa miwani miwili na kipanya kimoja. Ilikuwa na picha ya mizani. Hiyo iliona kuwa faili la kwanza lina tofauti. Lakini ikasema na la pili lina tofauti, kwa sababu tarehe zimeachana, ingawa ndani hapakuwa na hata nukta iliyohama. Halafu katikati ya skrini kikatokea kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa kimeandikwa Sawazisha, na chini yake maneno madogo: faili jipya litachukua nafasi ya la zamani pande zote mbili.

Kidole cha Bi Sindano kilikuwa juu ya kipanya. Karani alimshika mkono.

"Shoga! Ukibofya hapo, 33 yako ya uongo inakwenda kukaa kwenye 38 ya kweli, kwa sababu ya uongo ndiyo ya leo. Halafu ukiuliza, zitakuwa sawa kweli kweli."

Bi Sindano alitoa mkono kama ameguswa na pasi. "Mimi sikukuita usuluhishe," aliiambia mizani kwa hasira. "Nimekuita uangalie." Akaifunga.

Ya tatu haikuwa na uzuri wowote. Rangi yake ilikuwa ya majivu, maandishi madogo. Ilikuwa na mahali pa kuchagua: linganisha kwa ukubwa, kwa tarehe, au kwa kusoma yaliyomo. Wakachagua kusoma. Ilichukua muda, na Karani aliipenda kwa hilo. Ilipomaliza ikasema la kwanza lina tofauti. La pili, tarehe mbali, yaliyomo sawa. La tatu, lina jina jingine upande ule lakini yaliyomo ni sawa. Walipobofya lile la kwanza, kurasa mbili zilijipanga bega kwa bega, kushoto na kulia, na kati ya namba zote, tarakimu moja tu ilikuwa nyekundu. Ile tatu.

Haikuuliza irekebishe. Haikutaka kufuta. Ilikaa kimya inasubiri kuambiwa.

"Huyu ndiye," alisema Bi Sindano. "Huyu anaweza kushika tepu."

Injinia alikuwa amesimama mlangoni. Alisema anakwenda dukani. Ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Basi wakaipa folda zenyewe. Kushoto ya flashi, kulia ya kompyuta. Programu ikasoma, ikasoma, wao wakakaa kama wanangojea majibu ya maabara. Mwisho ikasema: mafaili kumi na moja yako kulia tu. Hayo ni ya wateja wapya. Mia tatu na hamsini na moja ni sawa. Sitini na moja yana tofauti. Wakafungua moja baada ya jingine, na kila moja wekundu wake ulikuwa ule ule. Inchi moja na nusu, inchi moja na nusu, inchi moja na nusu.

"Sitini na moja!" Bi Sindano alisimama, kiti kikaanguka. "Si wauguzi tu! Hata wa harusi yumo! Mtoto yule nimemlisha, nimemfundisha kutia zipu isionekane, halafu..."

"Kaa," alisema Karani.

"Sikai!"

"Basi simama, lakini soma tarehe."

Pembeni mwa kila faili kulikuwa na tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho. Yale sitini na moja ya kompyuta yote yalibadilishwa tarehe nne na tarehe tano ya mwezi. Bi Sindano alisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. Ya wauguzi, tarehe tano. Ya bi harusi, tarehe nne.

"Ndiyo. Alifanya tarehe tano. Kwa hiyo?"

"Flashi ulinakili lini?"

"Tarehe kumi. Kama kawaida yangu."

"Ulinakili kutoka wapi?"

"Kutoka folda ya Vipimo, hapa hapa kwenye..."

Kidole kilibaki hewani. Unajua pale uzi unapokatika, na cherehani inaendelea kukimbia hatua mbili tatu bila kushona kitu? Ndivyo alivyokuwa.

"Kitendawili," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Tega," alisema Karani.

"Nguo ilipata doa tarehe tano. Tarehe kumi nikaianua, nyeupe. Siku ya kuivaa, ina doa lile lile la tarehe tano."

"Hiyo si nguo moja," alisema Karani. "Ni mbili. Na kuna mtu alizibadilisha baada ya tarehe kumi."

Mkwe alisema kweli. Folda zilikuwa mbili. Doa lilikuwa kwenye yake mwenyewe, mahali alipokuwa na ruhusa ya kulitia. Na tarehe kumi na mbili, Bi Sindano alikumbuka sasa, tena alikumbuka mpaka harufu ya chakula cha mchana ule, Injinia alikuja mezani anajipiga kifua. "Mama, nimekusafishia kompyuta. Sasa inakimbia kama imepata miguu mipya." Akamshukuru. Akamwongezea nyama.

Walimngoja. Aliporudi saa kumi alikuta wanawake wawili wamekaa bega kwa bega wakiutazama mlango, na kati yao skrini ina kurasa mbili.

"Ulifuta ipi?" aliuliza mama yake.

Hakuuliza kufuta nini. Hapo ndipo alipojifunga. "Mama, nililinganisha kwanza," alisema. "Naapa. Folda mbili, idadi ile ile, ukubwa ule ule mpaka alama ya mwisho. Nikasema hii ni nakala, inajaza nafasi bure. Nilitaka nafasi ya kuhifadhi mechi zangu za mpira. Nikafuta moja, nyingine nikaipa jina la Vipimo."

"Na Matroni alipokuja?"

Injinia alijipangusa viganja kwenye suruali.

"Nakuuliza! Matroni alipokuja, ukasimama pale na ndizi yako, ukajua?"

"Nilijua nilipoona mke wangu anatafuta haioni. Lakini ulikuwa umekasirika sana, Mama. Nikasema zikipoa..."

"Zikipoa!" Bi Sindano alichukua rula ya mbao ya kukatia, ile ndefu, na Injinia, mwanaume wa miaka thelathini na nne, akarudi nyuma hatua mbili. Hakumpiga. Aliipiga meza, mara moja, chaki ikapasuka. "Umemwacha mkeo aitwe mwizi wa namba mbele ya watu! Ukamwambia amefuta mwenyewe! Halafu ukaniletea kijani yako iniambie mimi ndiye sioni! Kosa la kufuta ningekusamehe kabla ya kunawa mikono. Siku nane! Siku nane unakula kwangu, unalala, unaamka, mdomo umeupiga mshono!"

"Mama, nisamehe."

"Mimi? Mimi ni wa pili kwenye foleni. Na mimi mwenyewe nina foleni yangu."

Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote, na ndiyo iliyomfanya apige kelele zaidi. Hasira ya mtu mwingine unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Ya nafsi yako haina mpini. *Shona, usinifundishe.* Mtoto alimwambia nguo zinakaza. Alimwambia kwenye gauni la tatu.

Alichapisha ukurasa ule wa tarehe, akavaa viatu, akaenda mtaa wa tatu kwa miguu.

Mkwe alikuwa uani kwa dada yake, ananoa mkasi. Mkasi mpya, wa kukatia. Hakuinuka. "Shikamoo, Mama," alisema, maana adabu ni adabu, lakini macho yalibaki kwenye chuma.

"Marahaba, mwanangu." Bi Sindano alimnyoshea karatasi. Akaeleza, yote, mpaka mechi za Injinia. Mkwe alisoma mpaka chini, akaikunja, akamrudishia.

"Kwa hiyo karatasi imekwambia," alisema. "Mimi nilikwambia kwa mdomo hukusikia. Karatasi imekwambia umesikia."

"Nimekosa, mwanangu. Nakuomba radhi."

"Hapa? Uani? Mbele ya kuku?" Sauti ya mkwe ilipanda. "Ulinitoa mbele ya Matroni, Mama. Mbele ya wale wawili wa benchi. Leo nikipita sokoni wananong'ona, yule ndiye aliyepunguza vifua vya wauguzi. Radhi ya uani inafika sokoni saa ngapi?"

Bi Sindano alihisi ulimi wake unajinoa wenyewe. Mwanamke wa umri wake, kuambiwa mahali pa kuombea radhi! Alifungua mdomo. Akaufunga. Kuku wakapita katikati yao mara mbili.

"Kesho saa tatu," alisema. "Njoo usikie. Ukitaka kukaa, utakaa. Ukitaka kwenda kwa yule mwenye mabango, uende umebeba jina lako."

Kesho yake saa tatu Matroni alikuwapo, ameitwa kuja kuona kazi ilipofika. Wateja wawili walikuwapo kwenye benchi lile lile, wameitwa kujaribu nguo ambazo hazikuwa tayari hata kidogo. Karani alikuwapo bila kuitwa, na kijitabu chake. Mkwe alisimama kizingitini, hakuingia.

Bi Sindano alisimama mbele ya meza yake. "Siku ile nilisema mkwe wangu kanikatia namba," alisema, kwa sauti ile ile iliyofika barabarani siku ile, maana hakutaka ifike karibu zaidi. "Nilisema uongo. Sikujua ni uongo, lakini sikutafuta kujua. Folda yangu aliifuta mwanangu, na akanyamaza. Nguo zilibana kwa sababu nilikata bila kuuliza, na huyu aliponiuliza nikamfokea. Wenye kosa ni mimi na huyo pale." Akamnyoshea Injinia mkasi. Injinia aliangalia miguu yake.

"Mh," alisema Matroni. "Na mgonjwa wangu aliyecheka, naye aombwe radhi na nani?"

Mmoja wa benchi akashindwa kujizuia. Hata Karani alifunika mdomo. Mkwe hakucheka. Lakini aliingia ndani. Alipita karibu na mumewe kama anavyopita karibu na nguzo, akakaa kwenye cherehani, akavuta gauni la kwanza na kuanza kufumua ubavu.

Watu waliondoka. Walifanya kazi mpaka adhuhuri bila neno. Mkwe alikuwa na hasira hata mgongoni, ungeweza kuiona kupitia blauzi. Bi Sindano alikata vipande vya ubavuni, akamsogezea, akakata vingine. Mara tatu neno *kitendawili* lilimjia mpaka kwenye meno, mara tatu akalimeza. Aliogopa kuliacha likaanguka tena sakafuni lisiokotwe.

Ni mkwe aliyeanza. Hakuinua kichwa.

"Kitendawili," alisema, kama mtu anayetupa jiwe.

"Tega," alisema Bi Sindano haraka mno.

"Mapacha wa uzito mmoja. Baba yao aliwapima, akasema ni mtu mmoja, akamzika mmoja yu hai."

Jibu lilikuwa limesimama kwenye mlango wa ukumbini, limeshika bilauri ya maji. Bi Sindano alilijua kabla kitendawili hakijaisha kutegwa. Lakini aliweka mkasi chini.

"Nimeshindwa," alisema. "Nakupa mji. Chagua wowote."

Mkwe alisimamisha cherehani. Sasa alimtazama. "Mji siutaki," alisema. "Nipe meza ya kukatia."

Miaka thelathini na mitatu hakuna mkono mwingine uliokata juu ya meza ile. Bi Sindano aliitazama, makovu yake ya mkasi, vumbi la chaki kwenye nyufa. Akaokota tepu yake, kopo lake la vifungo, akavipeleka kwenye cherehani. Mkwe akainuka, wakapishana katikati ya chumba bila kugusana.

"Mwili mtupu?" aliuliza Bi Sindano akiwa amekwisha kaa.

"Mwili mtupu. Nafasi naongeza mimi, hapa mezani." Mkwe alilaza kitambaa, akakinyoosha kwa viganja viwili. "Na Injinia wako akigusa tena kompyuta hiyo, namkatia suti bila nafasi, na kila Jumapili ataivaa mbele yangu."